Baada ya Picha ya Pili

Kuna aina moja ya hadithi ambayo mtu huielewa bila kusoma hata neno. Ina picha mbili tu. Kushoto kuna mtu mnene amesimama kando ya ukuta, mwanga hafifu, uso haucheki. Kulia ni mtu yuleyule, amepungua, amevaa nguo ya rangi, meno yote nje. Chini ya ile ya kwanza kumeandikwa KABLA, chini ya ile ya pili BAADA. Umeziona kwenye Instagram, kwenye matangazo ya chai ya kupunguza tumbo, hata kwenye karatasi zilizobandikwa kwa milingoti ya stima. Hadithi ina mwanzo na mwisho, na unaimaliza kabla matatu haijatoka stejini.

Mimi huandika kuhusu vitabu na vipindi, si kuhusu dawa. Kwa hivyo swali langu kuhusu hizo picha ni la mhariri: nani alichagua siku ya kupiga ile ya pili?

Kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, jibu linajulikana. Uzito huanguka kwa kasi, hufika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kwa wengi sehemu yake hurudi. Picha ya pili hupigwa pale chini kabisa. Ukingoja miaka mitano zaidi upige tena, utapata mtu mwingine kidogo: pengine mzito kuliko kwenye ile picha, lakini bado mwepesi kuliko alivyoanza. Hiyo picha ya tatu haichapishwi, na karibu kila kazi niliyosoma au kutazama kuhusu upasuaji huu inaweza kupimwa kwa swali moja: imesimama wapi? Imesimama kwenye picha ya pili, ama imeendelea?

Tuanze na mwili wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kujua ni nini kinakatwa kwenye hizi hadithi.

Huu upasuaji haukuanza jana. Edward Mason, daktari katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, ndiye aliyeanzisha baipasi ya tumbo kwa ajili ya unene mwaka 1966. Kwenye baipasi, daktari anatenga kipande kidogo cha juu cha tumbo, kama ukubwa wa yai, halafu anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Aina nyingine, ambayo siku hizi ni maarufu sana, ni ya kukata na kutoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kubakisha bomba jembamba kama mkono wa shati. Kile kinachotolewa si nafasi ya kuweka ugali tu. Ndiyo sehemu inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Ndiyo maana wengi husema miezi ya kwanza ni kama muujiza: sahani iko mbele yako na huitaki.

Halafu mwili unaanza kujibu. Mwili uliopoteza kilo nyingi hutumia nishati kidogo kuliko ungetarajia kwa ukubwa wake mpya. Njaa inarudi polepole. Tumbo lililobaki linaweza kutanuka. Vitu laini na vitamu vinapita bila kizuizi, maana aiskrimu haihitaji nafasi ambayo nyama inahitaji. Na maisha hayasimami ati kwa sababu umepasuliwa: kuna mimba, kuna msiba, kuna kufutwa kazi, kuna dawa za magonjwa mengine zinazonenepesha, kuna pombe.

Utafiti uliofuata jambo hili kwa muda mrefu ulianza Uswidi mwaka 1987, ukiwa na watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa na wengine zaidi ya 2,000 ambao hawakupasuliwa. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka kumi, hiyo 32 ilikuwa imekuwa 25. Waliofungwa ukanda wa kubana tumbo walianza na 20, wakafika 14. Wale ambao hawakupasuliwa walibaki karibu palepale walipoanza. Na kwa jumla, waliopasuliwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao.

Soma hizo namba tena polepole, kwa sababu zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Upasuaji unasaidia. Na uzito, kiasi, unarudi. Mtu aliyetoka 32 akafika 25 hajaanguka. Lakini ukimpa mtunga hadithi hizo namba, atakuambia ana shida: hadithi yake imepanda kilele halafu imeshuka, na hajui afanye nini na hiyo sehemu ya kushuka. Njia rahisi ni mbili. Aikate, ama aigeuze kuwa dhambi.

Televisheni imefanya zote mbili. Chukua My 600-lb Life, kipindi cha TLC kilichoanza Februari 2012. Kama nyumbani kwenu kuna dekoda, labda ushakipata kikiendelea siku ya mvua na ukashindwa kutoka kwa sofa. Pauni 600 ni kama kilo 272. Kila mara kuna mtu wa uzito huo, kuna nyumba ndogo, kuna ndugu wa kumletea chakula, kuna safari ndefu ya gari kwenda Houston, Texas, kwa daktari Younan Nowzaradan, mzee mkali asiyebembeleza mtu. Daktari anampa chakula cha kalori 1,200 kwa siku, na kabla ya kumpasua anataka aone mzani umeshuka.

Hicho kipindi hudharauliwa na watu wa vitabu, na kwa sehemu wanakosea. Kati ya vipindi vya aina hiyo, ni vichache vinavyokupa nafasi ya kusikia mtu maskini wa Marekani akieleza, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi alivyodhulumiwa akiwa mtoto na jinsi chakula kilivyokuwa kitu pekee kilichomtuliza. Hiyo ni kazi ya fasihi, na inafanyika pale, katikati ya matangazo ya sabuni.

Lakini angalia muda. Msimu wa kwanza kabisa uliwafuata wagonjwa wanne kwa miaka saba. Miaka saba! Ulikuwa unaona mtu anapungua, anaolewa, anachoka, anaongeza, anaanza tena. Baadaye muundo ukabadilika: mgonjwa mmoja, karibu mwaka mmoja, na miezi ikihesabiwa kwenye kioo. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Miaka saba ya kamera ni ghali, na mwaka mmoja unakupa vipindi vingi zaidi. Lakini mwaka mmoja ndio haswa ule muda ambao mwili unashuka. Kipindi kilichoanza kikiwa na subira ya kuona picha ya tatu kikajifunga kwenye ya pili, halafu kikaanzisha kipindi kingine cha kuuliza wako wapi sasa, kama vile miaka iliyofuata ni habari ya pembeni.

Na ndani ya huo mwaka mmoja, mzani ndio hakimu. Muziki unashuka, namba zinasimama, kamera inaenda usoni. Kama namba haijashuka vya kutosha, kuna sababu moja tu inayotafutwa: umekula nini? Ni swali halali kwa daktari. Kwa hadithi ni swali finyu sana. Hakuna namba ya ghrelini kwenye kioo. Hakuna mtu anayemuuliza ndugu anayeleta pizza amelala saa ngapi wiki hii. Mtazamaji akizima runinga ameshafundishwa kwamba uzito ukirudi, kuna mtu alidanganya.

Hata bila kisu, mafunzo ni yaleyale. The Biggest Loser, shindano la NBC la kupunguza uzito kwa mazoezi makali na kula kidogo, lilikuwa na fataki za mwisho na hundi kubwa. Mwaka 2016, watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuata washindani 14 wa msimu mmoja wa 2009. Walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye, kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. Na miili yao, ikiwa imepumzika tu, ilikuwa inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wao. Fikiria hilo: unakula sawa na jirani yako wa kilo zilezile, yeye anabaki vile alivyo, wewe unaongezeka. Hiyo ni tamthilia kubwa kuliko shindano lote, na ilichapishwa kwenye jarida la kitabibu kwa sababu kwenye fainali fataki zilikuwa zishaisha.

Sasa nirudi kwetu, maana hizi hadithi hatuzitazami tukiwa hewani. Tunazitafsiri kwa maneno tuliyonayo.

Kiswahili chetu cha mjini kina kitenzi maalum cha mtu aliyenenepa tena: *amejiachilia*. Ni kitenzi chenye ukatili uliokaa kimya. Hiyo *ji* ndiyo inabeba kesi yote. Mtendaji na mtendwa ni mmoja, mshtakiwa amepatikana, twende nyumbani. Mtu wa presha akipatikana na namba za juu hatusemi amejiachilia. Tunasema presha imepanda, kana kwamba presha ina miguu yake. Mwenye pumu akizidiwa tunasema pumu imemshika. Kwa unene pekee, ugonjwa unanyang'anywa kitenzi na anapewa mgonjwa. Na Kiswahili hakikulazimishwa. Kingeweza kabisa kusema *uzito umemrudia*. Sarufi iko. Tumechagua ile nyingine.

Anti yangu, dadake mama, alifanyiwa upasuaji wa aina hii nikiwa shule ya upili. Alipungua mpaka watu wa kanisani wakaanza kuuliza kwa upole kama ni mgonjwa. Katika mwaka huo kulikuwa na harusi, akapigwa picha amevaa gauni la kijani, na shosho akaipanua akaiweka sebuleni, juu ya televisheni, pale picha za waliohitimu hukaa. Mwaka wa nne uzito ulianza kurudi. Sio wote. Labda theluthi. Lakini kila mara tukienda kwa shosho, anti alikuwa anaketi akiwa ameipa ile picha mgongo. Siku moja aliomba itolewe. Mjomba akacheka, akasema, "Wacha ikae. Hapo ndio ulikuwa umependeza."

Kuna jambo moja ambalo watu hawakuliona kwenye huo mzaha. Mtu aliyefanyiwa baipasi anahitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yake yote, kwa sababu ile sehemu ya utumbo inayorukwa ndiyo hufyonza madini ya chuma na vitu vingine vya muhimu. Anti alikuwa ameacha kwenda kliniki. Mzani wa kliniki aliyokuwa akienda ulikuwa kwenye korido, na aliyekuwa akipima alikuwa anazisoma kilo kwa sauti kwa mwenzake aliyekuwa akiandika. Anti alikaa karibu miaka miwili bila kurudi. Alipoanguka sokoni na kupelekwa hospitali nyingine, damu yake ilikuwa imeshuka mpaka daktari akamuuliza anatembeaje. Wazee wana methali yao: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni methali ya kweli, lakini humlaumu anayeficha na kusahau kuuliza alikuwa anamficha nani. Anti hakuwa anaogopa dawa wala sindano. Alikuwa anaogopa kuonekana akiwa hafanani na picha yake.

Ndiyo maana sioni hili kama suala la ladha tu, ati napenda hadithi ndefu na wewe unapenda fupi. Hadithi inayosimama kwenye picha ya pili inamfanya kila anayeendelea kuishi baada yake awe mtoro. Na mtoro haendi kujisalimisha kliniki.

Niseme pia kwamba nina uzoefu na picha za sebuleni. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na swali ninaloulizwa ni moja, hata na watu ambao hawajui nilikuwa nasomea nini: "Utarudi lini?" Hawaulizi nafanya nini sasa. Kuna ukuta uliokuwa umeachiwa picha yangu nikiwa na joho, na mpaka leo nafasi yake iko. Hiyo ndiyo nguvu ya picha ya pili. Hata isipopigwa, watu wanaendelea kukupima nayo.

Ukitaka kuona vile hata watu maarufu wanavyokwama hapo, angalia wawili ambao wameishi haya mambo hadharani. Carnie Wilson, mwimbaji wa kundi la Wilson Phillips, alifanyiwa baipasi mwaka 1999 na upasuaji wenyewe ukarushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Hiyo ni 1999, wakati wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa ama tulikuwa tunatambaa. Alipungua sana, akaandika kitabu, kisha mwaka 2003 akatoa kingine chenye jina I'm Still Hungry, yaani bado ana njaa. Uzito ulirudi, na mwaka 2012 akafanyiwa upasuaji wa pili, wa ukanda. Kwa mtazamo wa magazeti ya udaku, hiyo ni aibu. Kwa mtazamo wangu, lile jina la kitabu cha pili ni kauli ya kweli zaidi kuliko picha zake zote za "baada", kwa sababu linakubali kwamba kilichokatwa ni tumbo, na njaa ni kitu kikubwa kuliko tumbo.

Al Roker, mtangazaji wa hali ya hewa wa NBC, alifanyiwa baipasi mwaka 2002. Uzito ulimrudia kwa kiasi wakati mama yake alikuwa mgonjwa na baada ya kumzika. Akapambana, akapungua tena, na mwaka 2012 akatoa kitabu: Never Goin' Back, yaani harudi tena. Simlaumu kwa kutaka kuahidi. Lakini sikiliza hilo jina kama msomaji. Ni la mtu ambaye anarudi ndio kilichomfanya aandike. Ndani yake kuna mwana anayemuuguza mama yake na anayekula kwa sababu usiku wa hospitali ni mrefu. Hicho kingekuwa kitabu ninachokitaka. Jalada linafunga mlango uleule ambao hadithi imeingilia.

Kisha kuna Roxane Gay, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndiye aliyekaribia zaidi.

Hunger ilitoka Juni 2017. Ni kumbukumbu ya mwili wake: alibakwa na kundi la wavulana akiwa na miaka 12, na akaanza kula ili ajenge mwili ambao hakuna mwanamume angeutaka tena. Mapema kabisa kwenye kitabu anakataa mkataba wa picha mbili. Anatuambia kwamba hii si hadithi ya ushindi, kwamba hatutamwona kwenye jalada akiwa mwembamba ndani ya mguu mmoja wa suruali yake ya zamani. Anasimulia pia siku ambayo baba yake alimpeleka kwenye kikao cha maelezo kuhusu baipasi huko Florida, wakiwa chumba kimoja na watu wengine waliokata tamaa, wakielezwa watakavyokatwa. Anaondoka bila kufanyiwa. Sura za kitabu ni fupi, nyingine nusu ukurasa, na zinazunguka. Kuna wakosoaji ambao huo mzunguko huwachosha. Mimi naona ndio umbo sahihi. Uzito wa Gay unapanda na kushuka mara nyingi, na kitabu chenye mstari mnyoofu kingekuwa kimedanganya kwa umbo hata kama kila sentensi ni ya kweli.

Halafu Januari 2018 akafanyiwa upasuaji, ule wa kubakisha tumbo kama mkono wa shati. Miezi michache baadaye akachapisha insha kwenye Medium, What Fullness Is, ambayo ni kama kuuliza shibe ni kitu gani. Kama ungekuwa umekisoma kitabu kama ilani, ungehisi umesalitiwa: si alisema hatatupa picha ya pili? Lakini insha haitoi picha. Inaeleza kuchoka, kuchoka na viti, na macho ya watu, na maoni ya wasiomjua. Inaeleza kwamba baada ya kukatwa tumbo alibaki na huzuni ileile, sasa bila chakula cha kuifunika. Hashangilii. Anasema alichofanya na kwa nini, na anakataa kuomba msamaha upande wowote, kwa wanaosema kila mnene lazima apungue na kwa wanaosema anayepungua ameasi.

Ninachokosoa kwenye hiyo insha ni tarehe. Imeandikwa akiwa bado kwenye ule mteremko wa miezi ya kwanza, ambapo hata mwandishi makini hajui mwili wake utajibu vipi mwaka wa tano. Yeye mwenyewe anaandika kwa tahadhari ya mtu anayejua hivyo, na hiyo tahadhari ndiyo inaipa insha heshima. Lakini ukiweka Hunger na insha pamoja, unapata kitu ambacho hakuna kipindi cha runinga kilichonipa: mwandishi aliyeandika kabla bila kuahidi baada, na akaandika baada bila kuidhalilisha kabla. Ile ya tatu bado ina nafasi wazi.

Na nafasi hiyo inatuhusu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima Kenya wana uzito uliozidi, na kwa wanawake ilikuwa karibu wanne kati ya kumi. Upasuaji wa kupunguza uzito unafanywa hapa Nairobi. Na sasa kuna sindano. Semaglutaidi, dawa iliyo ndani ya Ozempic na Wegovy, imeleta picha mbili mpya kila asubuhi kwenye simu zetu. Nayo ina mwaka wake wa pili: kwenye utafiti mmoja mkubwa, walioacha dawa walikuwa wamerudishiwa karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja wa kuacha. Dawa haikuwadanganya, iliacha kufanya kazi ilipoachwa, kama vile ya presha ingefanya. Lakini naona kabisa vile tutakavyosimulia. Tutasema walijiachilia.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaoandika, hasa wanaoandika kwa Kiswahili, ni dogo na linatekelezeka. Anzeni mwaka wa tano. Nipeni mwanamke wa Umoja ama Nyali ambaye alipasuliwa zamani, ameongeza kilo kumi na tano, hana kisukari alichokuwa nacho, ana shida ya nywele kukatika, anapenda mahamri, na Jumatatu ana kliniki. Msimpunguze kwenye ukurasa wa mwisho ili tufurahi, wala msimuue ili tujifunze. Mpeni kitenzi kizuri. Mwacheni uzito uwe na kitenzi chake.

Na kwa wewe unayesoma tu, kuna zoezi moja. Picha mbili zikikujia kwenye simu, kabla ya kubonyeza moyo, tafuta tarehe. Mara nyingi hakuna. Basi uliza hapo chini, kwa upole, ile ya pili ni ya lini, na mwenyewe anaendeleaje leo.